Tupeane uzoefu: simu mpya imeapdetiwa, kompyuta ya Windows 7 haiioni tena

#1
Wakuu, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, lakini mashine zake bado zinapiga kazi kwenye steshenari na ofisi kibao. Simu ikishaapdetiwa ndipo kero inapoanza. Tupeane uzoefu, kila mtu ataje hatua kamili.

Naanza na waya, maana wengi hukimbilia kupiga Windows upya kabla ya kuukagua. Waya wa data wa USB 2.0 una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Baadhi ya waya za bei chee zina zile mbili za umeme tu, hivyo simu inachaji lakini faili huzioni. Ujaribu kwanza kwa simu nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani, chomeka tundu la nyuma.

#2
Naongezea upande wa Android. Tangu Android 6, simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu. Fungua loki, shusha arifa, gusa ile ya USB, chagua kuhamisha faili. Kama unachoka kurudia, nenda "About phone", gusa "Build number" mara 7, kisha kwenye "Developer options" weka "Default USB configuration" iwe "File transfer".

Bado? Ingia Device Manager (orodha ya vifaa kwenye Windows). Ukiona MTP (njia ambayo Windows hutumia kuona faili za simu) ina alama ya njano, iondoe kwa "Uninstall", chomoa simu, chomeka tena. Angalia pia kama Windows yako ni toleo la N: hilo halina Media Player, na MTP inaitegemea. Sakinisha Media Feature Pack.

#3
iPhone ina mambo yake. iTunes (programu ya Apple ya kuunga iPhone na kompyuta) za mwisho kwa Windows 7 ni za 12.10. Simu ya iOS mpya inaweza kudai toleo la juu zaidi, na hapo hakuna pa kulipata kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo chukua bakapu KABLA ya kuapdeti.

Picha hazihitaji iTunes, simu huonekana kama kamera. Sharti ufungue loki na kukubali "Trust". Swali hilo lisipotokea: Settings, General, "Transfer or Reset iPhone", Reset, kisha "Reset Location & Privacy". App zitakuomba ruhusa upya, usishtuke.

Sasa kuna ile ya kunakili picha inakatika katikati na ujumbe "A device attached to the system is not functioning". Chanzo mara nyingi ni simu kubadilisha picha za HEIC (aina ya faili ya picha za iPhone) kuwa JPEG huku ikizituma. Kwenye mipangilio ya Photos, chini kabisa, toa "Automatic" weka "Keep Originals". Itanakili bila kukatika, ila Windows 7 yenyewe haifungui HEIC. Ndiyo maana napendekeza mapema uende Camera, Formats, uchague "Most Compatible". Inahusu picha mpya tu, za zamani zitabaki HEIC.

#4
Kwa wanaotumia hotspot: laptop nyingi za zamani zina Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee. Simu ikirusha 5 GHz, jina halitokei kabisa. iPhone 12 na kuendelea, washa "Maximize Compatibility". Android, badili bendi iwe 2.4 GHz. Jina likionekana lakini linakataa kuunga, shusha usalama wa hotspot kutoka WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi) hadi WPA2. Msiondoe nenosiri jamani.

#5
Tundu la simu likifa, tumia app ya mafaili yenye seva ya FTP (njia ya kuhamisha faili kupitia mtandao), simu na kompyuta viwe Wi-Fi moja. Simu itakupa anwani mfano wa ftp://192.168.1.5:2121. Iandike kwenye Windows Explorer, si Chrome, kwani Chrome iliondoa FTP. Data inapita bila kufichwa, hivyo si kwa Wi-Fi ya mgahawani, na seva uizime ukimaliza.