Naomba ushauri: kazi ya forodha Malaba, najifunza mwenyewe

Habarini wakubwa. Nimepata kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Awali niliuza vipuri vya magari, kwa hiyo majina ya mizigo hayanisumbui, ila makaratasi yananitoa jasho. Bosi si mtu wa kufundisha. Anakupa faili, anaenda zake.

Hesabu nimeanza kuzielewa: ushuru unapigwa kwenye thamani ya CIF, yaani bei, bima na usafirishaji, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru. Shida ni kuainisha bidhaa. Kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki nimekipakua, lakini kipuri kimoja naona kinaingia vifungu viwili, kimoja asilimia 10, kingine 25. Usiku nasoma zile kanuni sita za uainishaji. Ya tatu, ambayo ndiyo ingenisaidia hapo, inanichanganya kabisa.

ASYCUDA World, ule mfumo wa kompyuta wa kujazia makaratasi ya forodha, siwezi kuifanyia mazoezi nyumbani, sina akaunti. Namchungulia tu mwenzangu akijaza.

Wenye uzoefu, mngeanzia wapi? Nisome Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004 yote, au nichukue matamko ya forodha ya zamani ofisini niyafanye upya bila kuangalia majibu? Mimi naegemea hilo la pili. Na aliyesoma EACFFPC, kile cheti cha mawakala wa forodha Afrika Mashariki, huku anafanya kazi, tafadhali anieleze aliwezaje, na ada ilikuwaje.