Binti wa miaka sita na nusu: klabu kubwa ya mbali au ndogo ya jirani?

Nesi wa Zamu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri na naomba msinicheke, maana mpira mimi naujua wa kuangalia tu, tena nusu nimelala. Kazi yangu ni unesi, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Nyumbani tuko wawili, mimi na binti yangu wa miaka sita na nusu. Mama yake yuko mji mwingine kikazi. Tangu likizo iliyopita mtoto kakolea mpira. Kapiga ukuta wa sebule, kapiga mlango wa jirani, juzi kapiga sufuria ikiwa jikoni. Nimesema yaishe, nimtafutie timu.

Nimepata mbili. Ya kwanza ni kubwa. Jezi zinameta, uwanja wa nyasi bandia, ukutani picha za vijana waliokwenda kucheza nje. Wanachuja kwa majaribio, hata hawa wa miaka sita. Ni saa nzima kwa basi, foleni ikikubali. Yule bwana aliyenipokea alitaja "soka la kulipwa" mara tatu kabla hajaniuliza jina la mtoto.

Ya pili iko dakika kumi kwa miguu. Uwanja upande mmoja nyasi, upande mmoja vumbi. Makocha wawili, mmoja mwanamama ambaye nilimkuta anamfunga mtoto kamba za viatu huku filimbi iko mdomoni. Wavulana na wasichana wanacheza pamoja. Picha ukutani hawana, kwa sababu ukuta wenyewe hawana.

Naogopa nikimpeleka ya jirani nitakuwa nimemfungia mlango. Nikimpeleka ya mbali sijui nitakuwa nalala saa ngapi. Mtu anayeujua mpira akifika uwanjani anaangalia nini? Mimi nikiangalia naona watoto wanakimbia, basi.

Kocha wa Wadogo

Mkuu Nesi, umri huo nimeufundisha miaka kumi na tatu, kwenye klabu mbili, moja ikifanana sana na hiyo yako ya picha ukutani. Nikupe kipimo kimoja ambacho hata mtu asiyejua kuotea ni nini anaweza kukitumia.

Nenda siku ya mazoezi, usiseme unakuja. Usimwangalie yule anayefunga magoli. Huyo angefunga hata mkimpeleka kwenye maegesho ya magari. Tafuta mtoto wa kawaida, ikiwezekana yule anayezubaa zubaa. Washa saa ya simu dakika kumi, uhesabu mguu wake unagusa mpira mara ngapi.

Utashangaa. Kuna mahali utakuta watoto kumi na wawili wamepanga mstari nyuma ya koni moja. Kocha ana mipira kumi na mitano kwenye wavu, uliotoka ni mmoja. Mtoto anakimbia, anapiga, anarudi nyuma ya foleni, anaanza kuchimba mchanga na kidole cha njumu. Kwa mzazi aliyesimama pembeni yanaonekana mazoezi ya nidhamu, koni zimenyooka kama gwaride. Kwa mtoto ni kusubiri. Angetaka foleni angebaki kwenye basi.

Kwenye mechi zao hesabu wako wangapi kila upande. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kwa watoto wa miaka sita ni vituko: watoto ishirini wamerundikana kwenye mpira mmoja kama nyuki, na kipa anaongea na mama yake. Marekani shirikisho lao liliagiza mwaka 2017 kwamba hawa wadogo wacheze wanne kwa wanne, bila kipa. Ujerumani tangu msimu wa 2024/25 wale wadogo kabisa wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, magoli madogo manne uwanjani. Wajerumani hao wana makombe manne ya dunia, si watu wa kubahatisha. Sababu yao ni hiyo hiyo ya kuhesabu: wachezaji wakiwa wachache, kila mtoto anaugusa mpira, anapiga chenga, anapoteza, anaufukuza tena.

Mpira wenyewe uangalie. Saizi 3 ndiyo yao. Saizi 5 ni ya wakubwa, mzingo sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka sita akiupiga huo anajifunza kupiga kwa ncha ya kiatu, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuusogeza. Halafu akifika miaka kumi na mbili tunamlaumu hana pasi.

Kisha fumba macho usikilize. Kuna kocha anawaendesha watoto kwa rimoti: "Toa! Rudi! Piga! Nimesema piga!" Mtoto wa namna hiyo anajifunza kumsikiliza kocha, si kuuona uwanja. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo miaka yangu miwili ya kwanza, na kuna siku mtoto alisimama na mpira mguuni, lango liko wazi mbele yake, akageuka kuniuliza afanye nini. Niliona aibu mpaka leo.

Kuhusu kuchuja: binti amezaliwa mwezi gani?

Nesi wa Zamu

Novemba, mkuu. Tarehe za mwisho mwisho.

Kocha wa Wadogo

Nilihisi. Basi kama wanapanga makundi kwa mwaka wa kuzaliwa, atashindanishwa na aliyezaliwa Januari, aliyemtangulia karibu miezi kumi na moja. Kwa mtu wa miaka thelathini hilo si kitu. Kwa wa miaka sita ni mwili mwingine kabisa: miguu mirefu zaidi, mbio zaidi, anaelewa maelekezo haraka zaidi. Anayechuja akisema "huyu ana kipaji", mara nyingi anachokiona ni siku ya kuzaliwa. Timu nyingi za vijana duniani zimejaa watoto wa mwanzo wa mwaka kwa sababu hiyo.

Na wanaochuja hukosea hata kwa wakubwa kidogo. Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa na miaka minane hivi. Leo ndiye aliyeifungia Uingereza magoli mengi kuliko mtu yeyote. Sisemi binti yako ni Kane. Nasema waliomwacha walikuwa watu wa kazi hiyo, na bado hawakuona.

Norwei kwa wadogo hawaweki hata msimamo wa ligi. Matokeo na orodha za nafasi zinaanza mwaka mtoto anaotimiza miaka 11. Na nchi hiyo ndiyo iliyomtoa mshambuliaji Haaland, kwenye klabu ya mji mdogo wa Bryne, kwa hiyo hoja ya "bila ushindani hawakui" mimi huwa naiacha ipite.

Mama Wawili

Baba, pole na zamu. Mimi nimepita hapo ulipo, ngoja nikuambie ya nyumbani kwangu.

Wa kwanza nilimpeleka ile ya jina kubwa. Saa moja kwenda, saa moja na nusu kurudi. Mwezi wa kwanza raha tupu, analala na jezi. Mwezi wa nne tumbo likaanza kumuuma. Lilikuwa linauma Jumanne na Alhamisi tu. Hospitali hawakuona kitu, wewe nesi unajua hadithi hiyo. Mechi za Jumamosi anakaa benchi, anaingizwa dakika tatu za mwisho kama wakiwa wanaongoza. Nilikuwa namvua viatu kwenye basi, visafi kama vilivyotoka dukani. Hicho ndicho kilichoniuma, kuliko hata muda: viatu visafi.

Halafu wakaniletea karatasi nisaini kwamba mtoto ni wao kwa miaka mitano. Mtoto wa miaka saba! Nikasema nikasome nyumbani, sikurudi nayo.

Wa pili yuko timu ya mtaani. Anarudi mweusi kama mkaa na sijawahi kusikia tumbo.

Kocha wa Wadogo

Dada, ulifanya vyema kutosaini. Fidia ya kulea mchezaji, yaani pesa wanazolipwa klabu waliomlea, kwenye kanuni za FIFA inaanza kuhesabiwa mwaka mtoto anaotimiza miaka 12. Anayemfunga wa miaka saba kwa karatasi anamfunga mzazi, kwa hofu.

Na Nesi, kuhusu mlango kufungwa: haufungwi. Akiwa na miaka kumi, kumi na moja, akautaka mpira kwa dhati, utampeleka huko mbali akiwa anaweza kubeba begi lake mwenyewe. Wanampokea. Mtoto anayeukosa mlango ni yule aliyeuchukia mpira akiwa na miaka minane.

Beki Mstaafu

Mimi nitapinga kidogo, maana naona uzi umeegemea upande mmoja. Jirani si sifa. Kuna vitimu vya mtaani ambavyo kocha ni mtu yeyote mwenye filimbi. Hakuna sanduku la huduma ya kwanza, hakuna anayejua mtoto akigonga kichwa afanyweje. Klabu kubwa mara nyingi wana makocha waliosomea.

Kwa hiyo uliza maswali ya mtu mzima. Watoto wanakuwa na watu wazima wangapi wakati wote? Akienda chooni anaenda na nani? Mzazi akichelewa, nani anabaki na yule wa mwisho, na wanabaki wawili peke yao? Kocha anawapa watoto lifti? Wakichekacheka bila jibu, ondoka, hata kama ni mlango wa pili.

Na vichwa. Mtoto wa miaka sita hapigishwi mpira wa kichwa. Marekani walikataza mwaka 2015 kwa wenye miaka 10 kushuka chini, Uingereza mwaka 2020 wakaagiza watoto wa shule ya msingi wasifundishwe vichwa mazoezini. Nilicheza beki wa kati miaka kumi na sita, nikipiga vichwa tangu mdogo, na nilikuwa najisifia. Wanangu nimewakataza.

Nesi wa Zamu

Wakuu, nimerudi. Alhamisi nilikuwa na mapumziko, nikaenda zote mbili, simu mkononi.

Ile kubwa nilimchagua mvulana wa soksi nyekundu. Dakika kumi, miguso tisa. Minne kati ya hiyo alikuwa anarudisha mpira kwenye koni. Ila niwe mkweli kama Beki alivyosema: mtoto mmoja alipoanguka, kocha alikuja na begi, akapiga goti, akamwangalia machoni, akamuuliza maswali ya maana. Kazi safi, mimi nisingefanya tofauti.

Ya jirani nilimchagua msichana mmoja mwembamba aliyekuwa anaimba peke yake. Nilifika 61 nikapoteza hesabu, kwa sababu binti yangu alikuwa ameshanitoroka na yuko ndani ya uwanja, na viatu vya shule.

Maswali ya Beki nimeuliza yote. Yule mwanamama alijibu bila kusita, isipokuwa la sanduku. Sanduku lipo, ndani mna bandeji moja na mkasi. Hilo ni langu, nitalishughulikia.

Kilichonitoa jasho ni goli. Ni la mabomba ya chuma, la kuhamishika, limesimama tu juu ya ardhi, na watoto wawili walikuwa wananing'inia kwenye mtambaa wa panya, lile bomba la juu, wakibembea. Chuma kile kikipinduka kinakuja na mtoto chini yake. Wenzetu mnaonana na watoto uwanjani, sisi manesi tunawapokea baadaye. Nikaenda moja kwa moja kwa kocha, nikijua atanuna, maana baba mgeni anayemfundisha kocha kazi ni kero. Akapuliza filimbi, akasimamisha mchezo, akawaita wale wakubwa, wakayalaza magoli yote mawili kifudifudi. Wakamalizia na koni. Halafu akaniuliza kama Jumamosi niko huru.

Natoka zamu asubuhi hiyo. Nina magunia manne ya kukandamiza magoli yasipinduke, mchanga upo kwa mafundi wanaojenga mtaa wa pili, na binti kadai koleo ni lake. Kocha wa Wadogo, gunia moja kila upande linatosha?

Kocha wa Wadogo

Weka mawili kila upande wa kila goli, kwa hiyo tafuta mengine manne. Na usiyaegemeze kwenye nguzo za mbele. Yalaze juu ya lile bomba la nyuma linalolala chini, uyafunge kwa kamba, la sivyo watoto watayageuza viti. Ukimaliza, shika mtambaa wa panya wewe mwenyewe uvute mbele kwa nguvu. Likinyanyuka nyuma hata kidole kimoja, rudi kwa mafundi.