Kwa nini California ilipigia kura tena ndoa ya jinsia moja mwaka 2024?

Mdadisi wa Tanga:
Salaam, ndugu zangu. Novemba 2008 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 8 kwa asilimia 52, wakaingiza katika katiba ya jimbo kifungu kinachosema kwamba ndoa ya mwanamume na mwanamke pekee ndiyo itakayotambuliwa. Hata hivyo, ndoa za jinsia moja zilirejea mwaka 2013, na mwaka 2024 wananchi wakaitwa tena kukifuta kifungu hichohicho. Ikiwa kilikuwa kimekwisha kufa, kilifutwa cha nini? Naomba tujadili sheria na siasa yake. Ya dini tumeyajadili siku nyingi.

Wakili Mstaafu:
Ndugu Mdadisi, kwanza tuelewe kwamba kule katiba ya jimbo hubadilishwa kwa wingi wa kawaida wa kura za wananchi, tofauti na kwetu Tanzania, ambako Bunge huhitaji theluthi mbili. Mei 2008 Mahakama ya Juu ya California, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, iliruhusu ndoa hizo, na kabla ya uchaguzi wa Novemba jozi zipatazo 18,000 za wapenzi zilikwisha kufunga ndoa. Marufuku ilipopita, mahakama hiyohiyo iliikubali mwaka 2009, lakini ikakataa kuzivunja ndoa zilizokwisha kufungwa.

Kesi iliyofuata ilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho, na hapo ndipo penye utamu wa kisheria. Mwaka 2010 Jaji Vaughn Walker aliitangaza marufuku kuwa batili. Gavana Schwarzenegger alikuwa mshtakiwa, naye alikataa kuitetea. Mwanasheria Mkuu, Jerry Brown, alikataa pia. Walioleta pendekezo wakakata rufaa wenyewe, na Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaambia, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba hawakuwa na haki ya kisheria ya kusimama mahali pa serikali. Hukumu ya Walker ikabaki, bila mahakama hiyo kugusa kiini cha hoja.

Binti Mwambao:
Kwa heshima, Wakili, hapo ndipo ninapokwazika. Sisemi kwamba marufuku ilikuwa njema, ila serikali ikiachiwa kuchagua sheria za kutetea, kura ya mwananchi inakuwa na uzito gani?

Wakili Mstaafu:
Binti yangu, malalamiko yako yalitolewa na baadhi ya majaji wa upande ulioshindwa, nami siyapuuzi. Lakini jimbo haliwezi kulazimishwa kukata rufaa kwa hoja lisiyoiamini.

Mkazi wa Oakland:
Nijibu la 2024, kwa kuwa nilipiga kura hiyo. Hukumu ya 2013 ilizuia kifungu kutumika bila kuyafuta maneno yake katika katiba. Hukumu ya 2015 ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoruhusu ndoa hizo nchi nzima, ilizidi kukifunika, mpaka Juni 2022, siku mahakama hiyo ilipoiondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, Jaji wake Clarence Thomas alipoandika kwamba hata ile ya 2015 itazamwe upya. Bunge la jimbo likaleta Pendekezo la 3 la kukifuta kifungu, nalo likapita kwa zaidi ya asilimia 62. Jirani yangu mzee aliniuliza mara mbili, karatasi ikiwa mkononi, kama “ndiyo” ilimaanisha kuruhusu. Mwaka 2008 “ndiyo” ilikuwa ya kukataza.