Riwaya ya ndugu watatu wenye uwezo: hadithi imenifia sura ya 6, naomba ushauri

Kalamu ya Tandahimba
Wakuu, habari za jioni. Naandika riwaya ya vijana. Ni Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, wa miaka mingi ijayo. Baraza la kiimla linagawa maji kwa kadi, ndoo 1 kwa kaya kwa siku. Wahusika ni ndugu wa tumbo moja: Somoe (17) anaita maji, Hamisi (14) anaamuru moto, Zainabu (11) anasikia mawazo ya watu. Hadithi inaanza Machi, na nimefika maneno 14,000. Sura ya 6 Somoe kaita maji, kijiji kizima kimekunywa, basi, hakuna tena cha kusimulia. Naiokoaje bila kuanza upya?

Mchanga Mwekundu
Mkuu, uwezo wa Somoe hauna masharti, na msomaji wa huku anajua kila dawa ina yake. Usimwache aumbe maji. Ayavute kutoka yalipo. Huko juu ardhi ni mchanga, mvua inazama upesi, ndiyo maana tangu zamani watu waliteremka bondeni kuyafuata. Basi akijaza pipa Newala, kisima kimoja bondeni Ruvuma kikauke, na wanaokitegemea wawe watoto wa mama yake mdogo. Hapo kila ndoo ina mwenyewe.

Weka na kipimo: ndoo 3 kwa siku, ya 4 anapoteza macho hadi alfajiri. Sharti hilo lionekane likifanya kazi kabla ya sura ya 3. Livunjwe mara 1 tu, mwishoni. Ukilivunja mara mbili, msomaji haogopi tena.

Binti Mikindani
Sura ya 6 usiifute. Ongeza ukurasa mmoja: asubuhi yake habari inafika kwamba kisima cha bondeni kimekauka. Ushindi uleule unageuka kosa, na safari ya kuteremka inaanza.

Hamisi naye mnyime moto wa hewani. Ganda la korosho lina mafuta yanayowaka kwa nguvu na kuunguza ngozi. Awe lazima ashike maganda mkononi. Akitumia uwezo, viganja vinababuka, na askari wa Baraza wanakagua viganja getini. Sasa ana kitu cha kuficha.

Mchanga Mwekundu
Hiyo ya viganja ni nzuri sana. Ila wabanguaji wa korosho nao vidole vyao huungua, kwa hiyo askari watakamata hata wasiohusika. Itumie hiyo, inaonyesha ukatili wa Baraza kuliko hotuba yoyote.

Mjukuu wa Masasi
Zainabu ndiye hatari kubwa kwako, dada au kaka. Anayesikia mawazo ya kila mtu anaua siri zote. Mpunguzie: asikie waliotoka tumbo la mama yake tu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo wa jadi unafuata upande wa mama, kwa hiyo uwezo upitie huko. Watoto wa baba kwa mke mwingine wasiwe nao. Kisha siku moja, kwenye foleni ya maji, Zainabu asikie sauti ya nne, na inatoka kwa mlinzi wa Baraza. Usieleze kitu, funga sura hapo.

Na mjomba yuko wapi? Watoto hawa watatu bila mjomba, msomaji wa kusini atauliza. Mpe yeye siri ya mtoto wa nne.

Kalamu ya Tandahimba
Asanteni sana wakuu. Mjomba sikuwa naye kabisa, anaingia sura ya 2. Je, nitumie Maji Maji kama asili ya uwezo wao?

Mjukuu wa Masasi
Kwa uangalifu. Vita ile ya 1905 hadi 1907 ilianzia Umatumbi, huko Kilwa, siyo kwenye uwanda wako. Maji ya dawa ya mganga Kinjikitile hayakuzuia risasi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi. Bibi anaweza kuitaja kama onyo. Kuifanya chanzo cha nguvu zinazoshinda ni kuwakosea waliokufa.

Binti Mikindani
Na rekebisha msimu. Umeandika mwanzo ni Machi, lakini huo ni wakati wa mvua, kadi ya maji haimtishi mtu. Anzia mwishoni mwa Septemba: visima viko chini, korosho zinaanza kudondoka, Hamisi anapata maganda yake.