Mbona helikopta haikumfuata mgonjwa kulekule Lenana?

Njeri, South C
Hamjambo. Helikopta za Uwanja wa Ndege wa Wilson, hapa Nairobi, hupita juu ya paa letu kutwa, lakini hili limenishinda. Kaka yangu ni mpagazi Mlima Kenya. Mgeni wao alizidiwa karibu na kilele cha Lenana, wakambeba kwa machela saa nyingi ndipo helikopta ikamchukua huko chini. Lenana ni mita 4,985 tu, na nasikia kuna iliyowahi kutua Everest. Shida ni nini?

Fundi Omari
Dada Njeri, poleni. Nimetengeneza helikopta hapo Wilson miaka 19. Kupita juu ya Lenana na kutulia angani juu ya Lenana ni kazi mbili tofauti. Ikienda mbio, mapanga yanakutana na hewa mpya kila wakati. Ikisimama palepale ili itue, inataka nguvu nyingi zaidi, na huko hewa ni nyepesi: kwenye mita 5,500 ni karibu nusu ya ile ya Mombasa. Rubani anaongeza pembe ya mapanga yachote zaidi, lakini injini nayo inavuta hewa hiyohiyo. Pembe ikizidi, hewa inabanduka kwenye panga, helikopta inazama.

Hata Wilson, karibu mita 1,700, tunaonja hayo. Alasiri moja ya Februari, jua la utosi, rubani aliinua mashine yenye abiria wanne kiasi cha goti. Mshale wa geji ya nguvu ya injini ukagusa mstari mwekundu. Akaishusha taratibu, abiria mmoja akateremka na begi lake. Asubuhi ile saa kumi na mbili, kabla ya joto, mashine ileile iliwabeba wanne bila taabu. Joto huipanua hewa. Ni kama uwanja umepandishwa mlimani.

Mutiso
Ya Everest ni kweli: Didier Delsalle, Mfaransa, 14 Mei 2005, na helikopta aina ya AS350 B3. Alikaa kileleni karibu dakika 4. Lakini alikuwa peke yake! Mwenzake Jean Boulet alifika mita 12,442 tarehe 21 Juni 1972 akiwa na helikopta aina ya Lama. Injini ikazimika, akateremka mapanga yakizungushwa na upepo tu hadi akatua salama.

Njeri, South C
Kwa hiyo ingeweza kutua, kisha ishindwe kuondoka naye?

Fundi Omari
Ndiyo hasa. Unatua ukiwa mwepesi, unapakia mtu wa kilo 80, mashine haibanduki. Zipo zenye injini kubwa zinazoweza, asubuhi ya baridi isiyo na mawingu, lakini hatari ipo: mwaka 1970 rubani aliyekwenda kumwokoa mpanda mlima aliyevunjika mguu alianguka na helikopta yake hukohuko Mlima Kenya, akafa. Mwambie kaka yako waliamua vizuri. Mgonjwa wa mwinuko, yaani anayeugua kwa hewa nyepesi ya juu, ateremshwe mapema, hata usiku. Kila mita 100 wanazomshusha zinampa yeye pumzi, na rubani naye anapata hewa ya kushika.