Hudi ya kuvaa ndani ya koti: flisi, pamba au sweta la sufu?

Mama Viazi
Wakuu habari za jioni. Natafuta hudi nyepesi lakini yenye joto, ya kuvaa ndani ya koti, nataka niichukue Jumamosi hii. Nimeona tatu: flisi (kile kitambaa chepesi chenye manyoya) ya mtumba pale sokoni Mwanjelwa, hudi mpya ya pamba ile yenye manyoya kwa ndani, na kuna mama anafuma sweta lenye kofia kwa oda. Kila muuzaji anasifia yake. Nichukue ipi?

Dogo wa Uyole
Dada hujasema uko wapi, una bei gani, unatembea au unakaa ofisini. Baridi ya Mbeya mjini na baridi ya Kitulo sio baridi moja. Mjini ni kama mita 1,700, Kitulo kule juu ni 2,600, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Tuambie kwanza.

Mzee wa Belo
Flisi, usihangaike. Mi nafungua belo za sweta na majaketi mwaka wa nane huu. Ukifika sokoni geuza nguo ndani nje, uangalie viwiko na kwapani, maana hapo ndo inapochokea. Yale manyoya yakishalala mpaka unaona nyavu za kitambaa chini yake, achana nayo hata akikupa kwa buku mbili. Halafu tafuta lebo ubavuni, iwe polyester 100. Ikiwa imechanganywa na pamba haikauki haraka. Nzuri ukiikunja inaingia kwenye mkoba wa kawaida na nafasi inabaki.

Mnyalu
Kamwene wote. Napinga hapo mkuu. Flisi upepo unapita kama dirisha halina kioo. Nimeivaa Mafinga mwezi wa sita, nimesimama stendi saa kumi na moja alfajiri nasubiri gari, nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana.

Mzee wa Belo
Kaka ulivaa flisi peke yake, na dada kasema ya kuvaa NDANI ya koti. Koti linazuia upepo, flisi inashika joto. Ukitenganisha hizo kazi mbili hutalalamika.

Isyonje Kwetu
Mi niongelee pamba maana imenitesa. Mwaka juzi nilinunua hudi mpya dukani elfu 35, nzito kidogo, ndani ina manyoya laini, ukiivaa sebuleni unahisi umekumbatiwa. Nikapanda nayo boda kutoka Isyonje kwenda Kikondo, juu nina koti la mvua. Mvua yenyewe haikunyesha, ulikuwa ule ukungu wetu unaotembea na wewe njia nzima. Sasa kosa nililofanya, kofia ya hudi niliitoa nje ya koti nikaifunika kichwani. Ile kofia ikanywa maji taratibu, halafu ikawa kama utambi wa kibatari, inayavuta na kuyashusha shingoni, kutoka shingoni mgongoni, mpaka kiunoni. Nafika Kikondo koti nje limelowa kawaida tu lakini ndani mimi nimeloa chapachapa, hudi imekuwa nzito kama nimebeba mtoto mgongoni. Nikaomba kukaa jikoni kwa mama mmoja, nikaivua, nikaikamua yakatoka maji kabisa. Kuanikwa siku ya kwanza haikukauka, ya pili bado, ya tatu mikono imekauka ila mfuko wa tumboni na mkanda wa kiunoni bado baridi, na inanuka moshi na uvundo kwa pamoja. Nilipata mafua nikalala wiki nzima, gunia zangu nikamwachia mwenzangu akanunua yeye. Tangu hapo pamba navaa nikiwa nyumbani tu.

Dogo wa Uyole
Pole sana kaka. Ila hapo kosa ni kofia kutoka nje. Ungekuwa na flisi pia maji yangeingia.

Isyonje Kwetu
Yangeingia ndio, lakini flisi ukiikung'uta inabaki nyepesi na jioni imekauka. Pamba inayatunza. Hiyo ndo tofauti ninayoisema.

Mama Viazi
Samahani nilisahau kueleza. Niko Igawilo, nanunua viazi mashambani, napanda boda mara tatu kwa wiki saa kumi na moja asubuhi kwenda huko huko Kikondo anakosema kaka. Bajeti mwisho elfu 25. Koti langu la mvua ninalo tayari ila linanibana, ndo maana nataka hudi nyepesi. Na mashambani tunaota moto wa kuni.

Bibi Makete
Mwanangu hiyo ya moto ungeanza nayo. Flisi ni plastiki, ndugu ya chupa za maji. Cheche moja ya kuni inatoboa tundu, na moto ukishika inayeyuka inang'ang'ania ngozi. Mjukuu wangu flisi yake ina matundu saba kifuani, yote ya jikoni. Sweta la sufu likipata cheche linafukuta linazima, na hata likilowa kidogo bado linakutunza.

Mnyalu
Umenena bibi.

Mzee wa Belo
Shikamoo bibi. Ila sufu halisi ataipata wapi kwa elfu 25? Nyuzi nyingi za kufumia zinazouzwa madukani ni akriliki, nayo ni plastiki vile vile. Dada, kabla hujalipa oda omba kipande cha uzi ukichome kwa kiberiti. Kikinuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, hiyo sufu. Kikijikunja kikawa kidonge kigumu cheusi, hapo unauziwa plastiki kwa bei ya kondoo.

Bibi Makete
Marahaba. Hilo la uzi ni kweli.

Mpanda Rungwe
Nimesoma yote, hamjagusa koti kubana. Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kwenye manyoya ya nguo. Koti likibana linaikandamiza flisi, hewa inatoka, unabaki na kitambaa tu. Vaa koti lako, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani wa boda. Likivuta mgongoni chukua flisi nyembamba kabisa, ile ya kuvaa juu ya fulana, yenye zipu nusu ili ukipata jasho unashusha. Mi hiyo ndo navaa nikipanda mlima Rungwe. Na usivae fulana ya pamba chini, jasho linabaki kifuani na ukisimama tu unaganda.

Mnyalu
Rungwe bado sio baridi mkuu, njoo Mufindi mwezi wa saba.

Bibi Makete
Mufindi mnaota jua nyie. Kwetu asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, ukikanyaga yanalia.

Mtu wa Njombe
Sakitu hata Njombe ipo, inaua viazi shambani. Msitusahau.

Nesi wa Zamu
Naomba niingilie kwa jambo moja. Watu wanaonunua nguo nyepesi halafu usiku wanaingiza jiko la mkaa chumbani, msifanye hivyo. Ule moshi usioonekana hauna harufu, unalala hauamki. Kila msimu wa baridi tunawapokea, wengine tumechelewa nao. Ongezeni blanketi, jiko libaki nje.

Isyonje Kwetu
Asante dada nesi, hilo liandikwe kila ukuta.

Mama Viazi
Nimejaribu koti kama alivyosema Mpanda Rungwe, linavuta mgongoni kweli. Sasa nawaza labda nibadilishe koti kwanza, lakini hela ya vyote viwili sina. Na moto nao sitauacha, nikifika shambani vidole havikunji. Hivi kofia ya flisi inaingia chini ya helmeti au nichukue isiyo na kofia nivae mzula?

Dogo wa Uyole
Ile nyembamba inaingia. Ya manyoya marefu helmeti inakaa juu juu, ni hatari.

Mzee wa Belo
Mzula nao unapanda ukifunga mkanda, masikio yanabaki nje. Jumamosi njoo na helmeti yako na koti lako, ujaribu vyote hapo hapo mezani. Wahi kabla ya saa mbili, belo ikifunguliwa nyembamba ndo zinaenda kwanza.

Mtu wa Njombe
Mkuu na za watoto zipo? Wangu ana miaka minne, sweta la shule halimtoshi kwa baridi hii.