Naomba ushauri: episodi ya mwanzoni ya Star Trek ya 1966 naiandikiaje riviu bila kuishia kuicheka?

Kapteni Mchovu:
Habari za muda huu wakuu. Kuna jambo linanisumbua nikaona nililete hapa maana najua humu mna watu wamezimaliza hizi sirizi za anga za mbali. Nimeanza Star Trek ile ya kwanza, ya kina Kapteni Kirk na msaidizi wake Spock, na nia yangu kila episodi niiandikie riviu, sasa nimefika Where No Man Has Gone Before nimekwama. Kwa wasioijua, meli ya Enterprise inafika ukingoni mwa galaksi inakutana na kizuizi cha ajabu, jamaa mmoja anaitwa Gary Mitchell, mshkaji wa kapteni wa miaka mingi, anapigwa na ile nguvu macho yanageuka rangi ya fedha, anaanza kusoma mawazo ya watu na kusogeza vitu bila kuvigusa, mwisho wa siku anajiona mungu. Kirk sasa aamue amfanye nini rafiki yake.

Tatizo ni kwamba nikishika kalamu natoa vichekesho tu. Miamba unaiona kabisa ni ya kutengeneza, shati la stelingi linachanika kwenye ugomvi, Spock anapaza sauti utadhani siyo yule mtulivu tunayemjua, daktari siyo McCoy ni mzee mwingine, Uhura wa mawasiliano hayupo, Sulu hayupo kwenye usukani, na kuna jiwe la kaburi limeandikwa James R. Kirk wakati dunia nzima inajua ni James T. Lakini huku nyuma roho inaniambia kuna kitu kizito mle ndani nakikosa. Sasa episodi ya hivi unaipima kwa kipimo cha leo au cha 1966? Na mambo ya mbele niyataje au ntamharibia anayeangalia mara ya kwanza? Nawasilisha.

mtu_wa_rimoti:
Kitu cha 1966 bado unaogopa kuspoili?? Weka onyo juu kabisa mstari mmoja halafu andika kwa amani mkuu.

Bi Sayari:
Kapteni, nusu ya hayo unayoyacheka yana sababu. Hii ilikuwa episodi ya majaribio, na tena ya pili. Ya kwanza iliitwa The Cage, kapteni alikuwa Pike, kaigiza Jeffrey Hunter, kituo cha TV cha NBC wakaikataa kwamba inafikirisha mno, ila badala ya kufunga mafaili wakaagiza nyingine, kitu ambacho mabosi wa TV walikuwa hawakifanyi mara nyingi. Ndio ikaja hii, kaiandika Samuel A. Peeples, ikapigwa 1965. Sirizi ilipokubaliwa ndio wakabadilisha sare, McCoy na Uhura wakaingia, Sulu akahamia kwenye usukani. Halafu kwenye kurusha wakaipeleka ya tatu, tarehe 22 Septemba 1966, kwa hiyo mtazamaji aliyeanza na The Man Trap, iliyorushwa ya kwanza tarehe 8, alimwona McCoy kwanza halafu wiki mbili baadaye daktari mwingine bila maelezo yoyote.

Ushauri wangu, jiulize ilitumwa ikafanye nini. Ilitumwa ikawashawishi wale mabosi kwamba hii sirizi inaweza kufikirisha na watu wakapigana pia. Ukiiangalia hivyo utaona kabisa nusu ya kwanza ni watu wanaongea na kuogopa, ya mwisho ni ngumi na bunduki kubwa ya mionzi. Mimi naona hapo ndipo inapovunjika katikati, na hilo unaweza kulisema bila kucheka mtu.

Jicho Kavu:
Sikubaliani na Bi Sayari kwa heshima zote. Mambo ya NBC yanafaa aya moja, mimi msomaji wako nataka kujua kwenye kioo kinatokea nini. Chukua ile sehemu Mitchell kalazwa wodini anasoma. Hakuna mlipuko, hakuna muziki wa vitisho sana, mtu yuko kitandani anasoma kitabu kwenye skrini, Kirk na Spock wanamwangalia kwa mbali kule kwenye chumba cha uongozi, na kurasa zinaanza kwenda haraka, haraka zaidi, mpaka unaelewa kwamba huyu siyo mgonjwa tena. Hiyo haijazeeka hata kidogo!

Na yale macho, zile lenzi zilikuwa zinamzuia Gary Lockwood, aliyemwigiza Mitchell, kuona vizuri ikabidi ainue uso awe anachungulia kwa chini, ndio maana anaonekana anamdharau kila mtu chumbani. Shida ya kifaa imegeuka kuwa uigizaji. Aya nzima hiyo, na hakuna atakayekuuliza miamba ilikuwaje.

Kuhusu herufi, T ilikuja baadaye. Ila mkuu, mtu kakuchimbia kaburi na jiwe lenye jina lako kasimamisha, wewe unahakiki herufi 😂

Kapteni Mchovu:
😂😂 Sawa nimekusoma. Ila swali lingine, mbona episodi ya Charlie X ya wiki moja kabla ni habari ileile? Mtu ana nguvu za ajabu, meli nzima inamwogopa. Niseme wamejirudia?

Dada Nukta:
Usiseme wamejirudia, ziweke pamoja uone. Charlie ni kijana kakulia bila binadamu wenzake, anataka kupendwa na hajui namna. Mitchell ni mtu mzima ana marafiki, ana kazi, ana utani, na bado nguvu zinamla. Halafu angalia mwisho. Kwa Charlie, Wathasia, wale viumbe waliompa nguvu, wenyewe wanakuja kumchukua, Kirk hata anamtetea abaki. Kwa Mitchell hakuna anayekuja, Spock kashamwambia kapteni waziwazi amuue mapema wakati bado anawezekana, na Kirk anakasirika kwa sababu anajua ni kweli. Mimi riviu yangu ningeianzia hapohapo.

Pia kipimo cha 1966 kisikufanye usamehe kila kitu. Dokta Dehner, yule daktari wa akili melini, anaitwa friji linalotembea kwa vile tu hakumchekea Mitchell, na watu wa zama zile nao walikuwa na masikio. Lakini yeye, akishapata nguvu kama zile, ndiye anayemdhoofisha Mitchell mpaka Kirk anapata upenyo, na anakufa kwa hilo. Riviu nyingi zinamsahau, wewe usimsahau.

mtu_wa_rimoti:
Dada Nukta umemaliza. Mi naongezea tu asisimulie hadithi nzima, sentensi tatu zinatosha, tushaiona.

Bi Sayari:
Basi Jicho Kavu nakupa hiyo ya macho. Kapteni, kitu kimoja cha mwisho, usikimbilie kuiandikia The Cage sasa hivi. Vipande vyake walivitumia ndani ya The Menagerie, ile ya sehemu mbili sizoni hiyohiyo ya kwanza, na Pike anarudi kwa hali ambayo sikuambii. Ukifika pale ndio uziandike zote kwa pamoja.